Siku ya Kwanza Arusha: Mwongozo Kamili kwa Mgeni Anayevuka Mpaka

Wageni wengi wanaoingia Arusha kutoka Nairobi, Kampala, Kigali au Bujumbura huja na shughuli maalumu: mkutano katika Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Arusha (AICC), kesi katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kikao cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, harusi ya ndugu, mzigo wa nafaka. Kwa kuwa Kiswahili wanakisikia, hudhani mji utajieleza wenyewe. Siku mbili za mwanzo zinaishia ndani ya teksi, wakilipa bei ya mgeni, kumbe walikopelekwa ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Dawa yake ni asubuhi moja ya kutembea, viatu imara, na nidhamu ya kutonunua kitu chochote kikubwa mpaka uwe umeuzunguka mji.

Chagua siku ya kazi. Jumapili maduka mengi ya katikati ya mji hufungwa na ofisi zote hazina watu, kwa hiyo utaona mji ambao kesho yake hautakuwepo.

Mpakani

Beba pasipoti, au hati ya muda ya kusafiria kama huna, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Vyote viwili viwe mfukoni. Watu hukwama Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania, kwa sababu kadi imebaki kwenye begi, na begi liko kwenye buti chini ya mizigo ya abiria wengine. Namanga ni kituo cha pamoja cha mpakani: taratibu za kutoka na za kuingia hufanyika kwenye jengo moja, upande wa nchi unayoingia. Unapita dirisha la nchi unayotoka, kisha la Tanzania, bila kurudi nyuma. Kabla hujaondoka dirishani soma muhuri uone umepewa siku ngapi. Kurekebisha kosa ukiwa hapo ni jambo la dakika moja. Ukishafika Arusha ni foleni ya Uhamiaji.

Nje utakutana na wabadilisha fedha wenye mabunda mkononi. Badilisha kiasi cha chakula na nauli tu. Mchezo wao hauko kwenye bei, uko kwenye kuhesabu: anakupa fedha, unahesabu, zinapungua noti moja. Anaomba azihakiki, anaongeza ile iliyopungua mbele ya macho yako, na wakati huohuo anachomoa nyingine tatu kwa chini. Ukishahesabu, fedha zisirudi mkononi mwake kwa sababu yoyote.

Kutoka Namanga hadi Arusha ni kama kilomita 110. Mlima Meru utakuwa mkono wako wa kushoto. Anza kuuzoea, kwa sababu ndio utakaokuongoza kesho.

Fedha na laini ya simu

Noti zinajulikana kwa rangi na picha: elfu moja ni ya buluu yenye Mwalimu Nyerere, elfu mbili ya simba, elfu tano ya zambarau yenye kifaru, na elfu kumi nyekundu yenye tembo. Mia tano siku hizi ni sarafu. Noti ya mia tano iliyotolewa mwaka 2010 iliondolewa kwenye mzunguko Aprili 2025, kwa hiyo ukirudishiwa chenji ya namna hiyo ikatae kwa upole. Mkenya anayeshtuka akitajiwa elfu kumi atumie hesabu ya kichwani: toa sifuri moja, gawa kwa mbili. Shilingi ya Kenya imekuwa ikicheza karibu na shilingi 20 za Tanzania, kwa hiyo elfu kumi ni kama mia tano za nyumbani. Hesabu hiyo inatosha sokoni. Kwa malipo makubwa angalia kiwango cha benki cha siku hiyo.

Tangu Machi 2025, kanuni za Benki Kuu zinakataza kutangaza bei na kulipia bidhaa au huduma ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Anayekutajia chumba kwa dola mwombe bei ya shilingi.

Laini inunue kwenye duka la kampuni ya simu yenyewe, ukiwa na pasipoti. Usajili ni wa alama za vidole, na hapo ndipo pa kuwa macho. Kuna mawakala wa barabarani wanaosema alama haijasoma, weka tena, weka tena, kumbe kila ukiweka wanasajili laini nyingine kwa jina lako, kisha laini hiyo inauzwa kwa matapeli. Ukimaliza piga *106#, fuata maelekezo, uone jina lililosajiliwa. Siku chache baadaye huenda ukapokea ujumbe wa namna ya "ile hela itume kwenye namba hii". Aliyeutuma hakujui, ameutuma kwa maelfu ya watu akitegemea mmoja atakuwa kweli ana deni la kumlipa mtu. Futa, endelea na safari.

Kushuka na kupata chumba

Muulize kondakta mapema basi linaishia wapi, kwa sababu si magari yote yanaingia Stendi Kuu. Mengine huishia kwenye ofisi za kampuni. Stendi ina wapiga debe, na mgeni anayesimama katikati akizungushazungusha kichwa anajitangaza. Shuka, chukua mzigo, nenda moja kwa moja kwenye duka au mgahawa wowote, kaa, agiza chai. Ukiwa umekaa ndipo ufungue simu na kuita usafiri. Ndani ya dakika kumi waliokufuata watakuwa wameshapata basi jingine la kulikimbilia.

Mahali pa kulala patokane na shughuli yako. Kaloleni na Levolosi ni karibu na stendi, gesti ni za bei nafuu, lakini honi zinaanza kabla ya alfajiri. Mwenye kikao AICC atafute Sekei au Sanawari, ambako anaweza kwenda kazini kwa miguu. Njiro ni kutulivu na kuna nafasi, ila kila safari itahitaji gari.

Usilipe kabla ya kuona chumba, na ukikiona fanya mambo haya kwa mpangilio huu. Fungua bomba la maji ya moto kwanza na uliache litiririke wakati unakagua mengine. Hita nyingi zina swichi nje ya bafu, na mhudumu akisema "yatakuja baadaye" ujue hayatakuja. Jaribu kitasa kwa ndani na kwa nje. Tandaza chandarua utafute matundu. Fungua dirisha usikilize: kama kuna baa upande wa pili, uliza inafunga saa ngapi Ijumaa na Jumamosi. Mwisho uliza umeme ukikatika inakuwaje. Kisha rudi bafuni ushike maji. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai asubuhi zake ni za sweta. Anayetoka Mombasa akidharau jambo la maji ya moto atajuta.

Kitabu cha wageni kitadai namba ya pasipoti. Andika, ni utaratibu wa kawaida.

Kuusoma mji: mlima, mteremko, mito

Anayeijua Arusha haendi kwa majina ya barabara. Anajua mambo matatu.

Kwanza, Meru uko kaskazini. Asubuhi mapema unaonekana wazi. Kuelekea adhuhuri mara nyingi unajifunika mawingu, na wakati wa masika, Machi hadi Mei, unaweza usiuone siku nzima. Ndiyo maana kutembea kunaanza asubuhi.

Pili, mlima ukijificha, tumia miguu. Mji wote umelala kwenye mteremko wa Meru: ukipanda unaelekea kaskazini, ukishuka unaelekea kusini. Simama kwenye njia panda yoyote utazame maji ya mtaro yanakokimbilia; huko ni kusini.

Tatu, mito. Naura inateremka toka mlimani na kuugawa mji wa kati sehemu mbili. Mashariki yake kuna Mnara wa Saa, Posta, Boma, AICC, benki na ofisi za utalii. Magharibi kuna masoko, stendi, maduka ya jumla, mafundi, gesti za bei nafuu. Mto mwingine, Themi, uko mashariki zaidi, na ukishauvuka unaingia upande wa Kijenge. Kila unapovuka bonde jiulize umevuka mto gani, na hutapotea. Wageni hupotea kwa sababu ramani ya simu inawaonyesha mitaa iliyonyooka, ilhali mjini wanakutana na bonde wasilolitarajia, wanageuka, na kutoka hapo kulia kunakuwa kushoto.

Mzunguko wa kilomita nne

Anza saa mbili asubuhi kwenye Mnara wa Saa. Utaambiwa hapa ndipo katikati ya njia kati ya Cairo na Cape Town. Wenyeji wanalipenda simulizi hilo, nawe lipokee kama simulizi. Kilicho cha uhakika ni kwamba barabara kubwa zinakutana hapa: Sokoine kuelekea magharibi, Old Moshi kuelekea mashariki, Boma Road ikipanda kaskazini. Geuka utazame Meru, kisha nyoosha mkono kwa kila barabara ukiitaja kwa jina. Dakika mbili hizo zitakusaidia juma zima.

Hapa pia ndipo vijana wanaouza batiki, picha na safari za mbugani huwasubiri wageni. Wengi ni watafutaji wa riziki wenye heshima zao, na kuna namna ya kuachana nao bila kuumizana. Salimia, sema "asante kaka, leo sinunui" mara moja, endelea na mwendo uleule. Kinachowaponza wageni ni kusimama na kushika bidhaa. Ukishaishika, mmeanza biashara, na kuondoka baada ya hapo kunaonekana dharau.

Panda Boma Road. Juu yake utakuta Boma la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1900, ambalo sasa ni makumbusho ya elimu ya viumbe. Tazama unene wa kuta zake na jinsi lilivyokaa juu ya mji. Lilikuwa ngome kabla ya kuwa ofisi, na Waarusha na Wameru wana kumbukumbu nzito za ujenzi wake. Usipite haraka.

Hatua chache kutoka hapo ni AICC, majengo matatu yenye majina ya Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, na jirani yake makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa Mnyarwanda au Mrundi eneo hili lina uzito wake. Mkataba wa amani wa Rwanda ulisainiwa Arusha Agosti 1993, na ule wa Burundi Agosti 2000. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda iliendesha kesi zake ndani ya AICC hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Uliza mlinzi kabla ya kupiga picha, na usimwelekezee kamera askari wala lango la ofisi ya serikali popote mjini. Simu itachukuliwa, na asubuhi yako itaishia kwenye maelezo. Hospitali ya Rufaa ya Mount Meru iko jirani pia. Ikariri mahali ilipo.

Rudi kwenye njia panda ya Boma, shika Barabara ya Makongoro kuelekea magharibi. Utashuka kwenye bonde la Naura na kupanda tena, na ukipanda tu utausikia mji umebadilika: spika za maduka, mikokoteni, vijana wa bodaboda wakiita. Mbele yako ni Mnara wa Mwenge, na pembeni Makumbusho ya Azimio la Arusha. Kwenye jengo lile Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati huo, ilikutana Januari 1967, na Azimio, tamko la Ujamaa na Kujitegemea, likatangazwa Februari 5. Ni dogo na haliwachukui watu muda mrefu, lakini ukilipita huwezi kuelewa kwa nini Mtanzania wa umri fulani akitaja "Azimio" haongezi neno.

Uwanja ulio karibu unaitwa Sheikh Amri Abeid, mshairi wa Kiswahili aliyekuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Miji mingi huvipa viwanja vyake majina ya wanasiasa watupu; huu una mtu wa mashairi, na kwa mgeni anayekipenda Kiswahili hilo linatosha kusimama kidogo.

Toka hapo teremka kupitia eneo la stendi mpaka Soko Kuu. Begi liweke mbele. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Juni 2019, hivyo njoo na wa kwako au nunua wa kitambaa mlangoni. Matunda na mboga huuzwa kwa fungu, na nafaka kwa sado, kindoo chenye ujazo wa kama lita nne. Hapa Wakenya hukosea kwa kulinganisha na gorogoro ya nyumbani, ambayo ni ndogo zaidi, wakaona wanaibiwa. Tazama pia sado yenyewe: iliyobonyezwa kitako inapunguza kipimo, na iliyojazwa kilima inaongeza. Kwenye fungu usipunguze bei. Omba nyongeza, utapewa parachichi moja la juu na tabasamu.

Ukitoka sokoni shuka mpaka Sokoine, geuka mashariki, vuka Naura kwa mara ya pili, na barabara itakurudisha Mnara wa Saa. Ni kama kilomita nne. Kwa mwendo wa kutazama na kusimama, masaa matatu.

Daladala na bodaboda

Mchana jaribu daladala, ambazo wenyeji wengi huziita vifodi. Soma kibao cha mbele: mwanzo na mwisho wa njia umeandikwa. Panda gari lenye jina la mtaa unaokwenda, na ukiwa mlangoni mwambie konda kituo chako, kwa sababu vituo vingi havina kibao na vinajulikana kwa jina la duka au mti. Nauli hupangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, na kwa safari fupi za mjini haifiki elfu moja; toa hela ndogo. Ukimpa konda noti ya tembo asubuhi ataiweka mfukoni akisema chenji baadaye, na kituo chako kitafika kabla ya chenji.

Bodaboda na bajaji: patana kabla ya kupanda, ukitaja mahali kamili. "Njiro" peke yake ni kubwa, na bei itabadilika mkifika. Dai kofia ngumu.

Giza linaingia karibu na saa moja kasoro, na linaingia upesi. Baada ya hapo usivuke mabonde ya Naura na Themi kwa miguu, hata kama ni mwendo wa dakika tano. Taa ni chache na vichaka viko karibu na barabara.

Kula na kunywa

Kwa mama ntilie agiza ndizi nyama, mtori au makande. Ukibahatika kuona loshoro, chakula cha Waarusha na Wamasai cha mahindi na maziwa mgando, usikikose. Nyama choma ni Kwa Mrombo: unachagua kipande kikiwa kibichi, kinapimwa mbele yako, kisha unasubiri. Simama karibu na mizani. Muislamu ajue kwamba kibao cha "kitimoto" ni nyama ya nguruwe, na aulize kama jiko ni moja.

Maji ndiyo jambo ambalo wageni hawaambiwi. Miamba ya volkano ya Meru ina floraidi nyingi, na vyanzo vingi vya eneo hili huzidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Ndiyo sababu utaona watu wazima wengi wenye meno ya kahawia: waliyanywa maji hayo utotoni, meno yakiwa bado yanajengeka. Kuchemsha kunaua vijidudu tu. Floraidi inabaki, na maji yakipungua kwa mvuke inazidi kukolea. Mtu mzima wa siku chache hana la kuhofia. Ukija na mtoto mdogo, tumia maji ya chupa hata kwa uji wake, ukisoma kiasi cha floraidi kwenye lebo.

Kinachosubiri siku ya pili

Tanzanaiti inachimbwa Mererani pekee duniani, si mbali na hapa, na kwa hiyo mtaani utaonyeshwa mawe ya buluu ndani ya karatasi. Mengi ni vioo, na hata likiwa la kweli, bila risiti ya muuzaji mwenye leseni linaweza kukuletea kesi mpakani. Nenda dukani, dai hati.

Safari ya mbugani nayo isinunuliwe barabarani. Ingia ofisini, omba kuona leseni ya kampuni, na taka maandishi yanayotaja gari, chakula na ada za hifadhi kila kimoja kwa bei yake. Ada za serikali hulipwa kwa namba ya udhibiti, yaani namba maalumu ya malipo ya serikali, ile wote wanayoiita kontroo namba. Anayekuambia atamalizana na walinzi getini kwa fedha taslimu anakudanganya. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki analipa kiwango cha chini sana, kwa shilingi, lakini sharti hati yenyewe ya kuthibitisha uraia iwepo getini. Picha kwenye simu haikubaliki.

Kama siku yako ya pili ni Jumatano au Jumamosi, acha yote hayo upande daladala ya Tengeru uende mnadani. Ondoka saa tatu, kabla ya jua kali, na chenji ya kutosha. Ukimaliza, uliza njia ya Ziwa Duluti: liko jirani, ndani ya shimo la volkano ya zamani, na msitu wake una kivuli mchana kutwa.